Mjadala: mtu hajawahi kushika kana (mpini wa kugeuzia usukani wa boti) maishani, apewe boti ya tani 15 hivi hivi tu?

Wadau habari za muda huu. Naleta hoja kwa mlioko Uingereza na pia nyie wa pwani mnaojua vyombo, tuijadili kwa uwazi. Juzi kuna ndugu yetu aliandika kwamba sisi tunaoishi kwenye maboti huku kwenye mifereji tunalalamika kupita kiasi kuhusu watu wa likizo wanaokodi boti na kutugonga, eti boti inaenda mwendo wa mtu anayetembea, sasa mgongano wa mwendo huo unamuumiza nani, tuwaache watu wale likizo yao. Ndugu yangu nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe hata kidogo.

Kwa asiyejua, mifereji hii ilichimbwa miaka 200 na zaidi iliyopita kubeba makaa ya mawe na mali za viwandani, leo inatumika zaidi kwa starehe na makazi. Kwa England na Wales mingi iko chini ya shirika la hisani linaitwa Canal & River Trust, lilichukua kazi 2012, lina kama maili 2,000 za njia za maji. Boti zenyewe ni nyembamba, upana mita 2 na kidogo, ila urefu unaweza kufika mita 22, chuma kitupu, na ya saizi ya kawaida inafika tani 15 au zaidi. Mwisho wa mwendo ni maili 4 kwa saa.

Sasa angalia sheria ilivyokaa. Boti lazima iwe na leseni, lazima iwe na bima ya madhara kwa wengine, lazima ikaguliwe gesi na umeme na mambo ya moto ipewe cheti. Yule anayeshika kana je? Hatakiwi chochote, hakuna mtihani wala cheti. Mtu anatoka mjini Jumamosi na familia, hajawahi hata kupiga kasia, anapewa maelezo ambayo nusu nzima ni choo kinafanyaje kazi, gesi inafungwa wapi, takataka zikijisokota kwenye propela unafungua kifuniko kipi, halafu fundi anapanda nao mpaka daraja la kwanza anashuka anawapungia mkono. Zipo kampuni zinazojitahidi, zinakaa na mteja mpaka avuke loki ya kwanza (ile milango ya kupandisha na kushusha boti), hizo nazipongeza. Ila ni hiari yao, na pale ninapofunga boti mimi kuna gati la kukodisha karibu kwa hiyo tofauti ya kampuni na kampuni naiona kwa macho.

Na makosa yenyewe ni yale yale, wala sio uzembe wa mtu mmoja mmoja. Ukitaka omo (pua ya boti) iende kulia unasukuma kana kushoto, akili ya mtu aliyezoea gari inakataa. Halafu majini mnapishana kila mtu akikaa kulia, huku barabarani Uingereza (na kwetu) tunakaa kushoto, kwa hiyo boti ikitokea ghafla chini ya daraja kwenye kona mgeni anakimbilia kushoto bila kufikiri, anakuja usoni kwa mwenzake. Akishtuka anatoa moto kabisa (anaachia mafuta), na hapo ndipo anapoharibu, maana usukani unafanya kazi maji ya propela yakipita juu yake, ukikata moto boti inaendelea kuteleza lakini haisikii tena. Anakumbuka rivasi, ukiwa rivasi ndio kabisa boti haiongozeki, tezi (nyuma ya boti) inajivuta inakotaka yenyewe, upepo nao unaisukuma ubavuni. Tena boti hii inageukia katikati, ukipeleka omo kulia tezi inatupwa kushoto, mtu anaangalia mbele anajua ameshapita salama kumbe huko nyuma anakwangua boti ya mtu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye mfereji wa Llangollen, ambao boti za kukodi zimejaa, kuna vipande vyembamba boti mbili haziwezi kupishana, inabidi mtu mmoja ashuke atangulie kwa miguu akaangalie kama kuna chombo kinakuja. Mgeni asipoambiwa hilo akalishika atalijua akiwa ameshaingia katikati na mwenzake yuko mbele yake.

Turudi kwenye hoja ya "mwendo mdogo". Mwendo ni mdogo ndio, uzito je? Tani 15 zikikugonga ubavuni huku umesimama jikoni, nyumba yote inaruka upande mmoja mara moja. Kwangu sufuria la maharage yanayochemka lilitoka jikoni likatua pale mwanangu alipokuwa amekaa dakika chache kabla, mchuzi ulifika mpaka kwenye mlango wa chumba, na walionigonga walikuwa watu wastaarabu kabisa, waliomba radhi wakiwa wanatetemeka. Yule mama aliyeshika kana alikuwa analia. Simlaumu yule mama jamani, aliyemkabidhi ndiye namlaumu, na sheria iliyoruhusu. Na kuna jambo linanitisha kuliko sufuria, wageni wakiona wanakaribia kugonga wananyoosha mguu au mkono kuzuia! Mguu wa binadamu katikati ya chuma na ukuta wa mawe. Hakuna aliyewaambia waache boti igonge, chuma kinapakwa rangi upya, mfupa haupakwi.

Hapa lazima niwe mkweli pia, wanaokodi sio wao peke yao. Tangu kodi za nyumba London zipande hivi kuna watu wananunua boti leo kesho wanaanza safari, hawajui lolote, na baadhi yetu wenye boti ndio tunapita mbio kando ya boti zilizofungwa mpaka maji yanang'oa vigingi. Wengi wanaokodi wanakwenda taratibu kwa sababu ya woga. Kwa hiyo sitaki sheria ya kuwabagua watalii, nataka ya kila anayeanza.

Kuna wanaosema cheti kitaua biashara. Hoja ina uzito, kampuni za kukodisha zinachangia kuifanya mifereji iwe hai, na ruzuku ya serikali kwa mifereji inapunguzwa kuanzia 2027, nadhani ndio maana hakuna anayetaka kumtisha mteja. Lakini Uingereza hii hii huwezi kupanda pikipiki ya cc 50 barabarani ukiwa unaanza bila kupita mafunzo ya lazima, yapo tangu 1990, kwa kawaida ni siku moja, sio mtihani wa kufeli na kufaulu, mwalimu akiridhika unapewa karatasi unaondoka. Biashara ya pikipiki ilikufa? Uholanzi chombo cha starehe kikizidi mita 15 lazima uwe na cheti, hata kama umekikodi. Ujerumani kwenye njia fulani za maji anayekodi bila leseni anapata maelekezo yasiyopungua saa 3 ndio anapewa karatasi ya safari ile, na watu wanakodi kila kiangazi.

Na ulevi. Hapa Uingereza sheria ya 2003 ya usalama wa reli na usafiri iliandikwa na kifungu cha pombe kwa wanaoendesha vyombo kwa starehe, kifungu hicho hakijawahi kuanza kutumika. Ndio maana unaona kundi la vijana wanamsindikiza mwenzao anayeoa, kana inapita mkono kwa mkono na chupa nayo inapita, askari akija hana kipimo cha kuwashikia.

Ninachotaka mimi ni saa 3 tu, kwa anayekodi na anayenunua boti ya kwanza. Asimamishe boti mbele ya mwalimu, airudishe nyuma, apite kando ya boti zilizofungwa kwa moto wa chini kabisa, avuke loki moja, na jina la nahodha mmoja asiyekunywa liandikwe kwenye mkataba.

Mnaopinga karibuni, ila naomba msinijibu kwamba mifereji ni ya watu wote, hilo hakuna anayelibishia. Nijibuni hili: aliyekodi ana bima, ana likizo, Jumamosi ijayo anarudisha funguo. Mimi na mwanangu tuliolala ndani ya boti iliyofungwa tunalindwa na nini?