Wakuu, nampeleka mama kwenye meli ya kitalii Ulaya. Kutapika kunazuiwaje?

Kipunji70: Habari za jioni wakuu. Niko Tukuyu. Mwezi wa tisa nampeleka mama, ana miaka 70, kwenye meli ya kitalii. Inaanzia Barcelona, siku saba, inapita Marseille na Genoa. Hajawahi kuona bahari maishani mwake. Yeye hutapika hata kwenye basi la Kyela, sasa meli inayumba kiasi gani? Na jioni vitenge vinakubalika? Usiku silali nawaza haya.

NyanyaChungu: Tangawizi mbichi, atafune tangu asubuhi. Mimi boti ya Zanzibar ilinitoa hadi chakula cha jana, na bado shemeji alinipiga picha. Simjibu simu zake mpaka leo.

BahariaMstaafu: Nimesafisha vyumba kwenye meli hizo mikataba mitatu. Meli kubwa zina mapezi ubavuni, chini ya maji, ya kupunguza kuyumba. Omba chumba cha katikati, ghorofa za chini. Kitenge avae, atapendeza kuliko wote. Viza mmeshapata?

Kipunji70: Ajenti anasema haihitajiki, kwa kuwa tunalala melini, hatulali kwenye nchi ya mtu.

BahariaMstaafu: Mdogo wangu, hapo simama. Ili upande meli Barcelona, lazima kwanza uingie Hispania. Hiyo ni viza ya Schengen, moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya: ada euro 90 kwa kila mtu mzima, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Bila viza, hata ndege hapo Dar hawawapandishi. Halafu hili la "kila kitu kimelipiwa" linawaumiza wengi. Chakula cha ukumbi mkuu ndiyo, lakini kwa kawaida soda, intaneti na matembezi ya bandarini ni bili yako, na meli nyingi zinaongeza tipu ya kila siku kwa kila kichwa. Mkishuka Marseille mkachelewa kurudi, meli inaondoka. Sio Noah ya Tukuyu, ambayo haitoki mpaka ijae.

MzeeWaUyole: Vijana mnahangaika na Ulaya. Mimi nilipanda Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, toka Kigoma hadi Kasanga. Mjerumani aliiunda mwaka 1913, ikazamishwa 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa 1924, na mimi nikailalia. Usiku mitumbwi ilikuwa inakuja ubavuni katikati ya ziwa, abiria wanapanda na magunia ya dagaa. Mama mmoja alipandishwa akiwa na mbuzi wawili, akaniomba nimshikie mmoja mpaka asubuhi.

DadaMafinga: Mzee tumekusikia. Mleta mada, umeshalipa? Ulimlipa nani?

Kipunji70: Milioni 4, kwenye namba ya simu ya ajenti. Bado milioni 5 mwisho wa mwezi.

DadaMafinga: Za kwako?

DadaMafinga: Naona umesoma. Jibu.

Kipunji70: Ni michango ya ndugu zangu ya kumpaulia mama nyumba. Hawajui. Kabla hamjanitukana: mama mwenyewe alisema anataka kuiona bahari kabla hajafa. Amechuma chai miaka 30, katulea watoto saba. Bati litakuwepo hata mwakani, mama je?

DadaMafinga: Bahari ipo Dar, ndugu yangu. Hela ya ndugu zako si yako. Biblia imesema mheshimu mama yako, haikusema umwache bila paa.

ChumviKidogo: Hii chai. Akaunti ya juzi, mama wa kuchuma chai, Barcelona! Tukuyu mmezidi, sasa chai mnaichemshia humu humu jukwaani.

NyanyaChungu: Nami nilianza kunusa majani. Nirudishie tangawizi yangu.

Kipunji70: Pasipoti ya mama iko mezani hapa, nimeilipia 150,000. Ningepata faida gani kudanganya?

BahariaMstaafu: Iwe kweli, iwe chai, ushauri ni uleule, kuna mwingine atausoma. Mwambie ajenti akupe namba ya nafasi yenu melini, kisha uwaulize wenye meli wenyewe kama majina yenu yapo. Usiongeze hata shilingi. Na wapigie ndugu zako leo.

Kipunji70: Nimempigia ajenti. Anasema namba hutolewa malipo yakikamilika.

BahariaMstaafu: Usikamilishe. Nenda polisi na ujumbe wa muamala kesho asubuhi.

Kipunji70: Ndaga fijo, asante sana kaka. Kaka yangu mkubwa nimemwambia sasa hivi, amekata simu. Mama bado sijamwambia. Jana alikwenda sokoni akanunua viatu vya safari.