Mjadala: Bendi changa ya thrashi metali isaini mapema na lebo kubwa, au ijitegemee kwanza?

Wadau, kuna kauli inayorudiwa kila zinapotajwa bendi changa za thrashi metali (roki nzito ya kasi): kwamba bendi isiyo na lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kurekodi na kuuza muziki, inajichelewesha, na mkataba wowote ukija isaini kabla bahati haijapita. Mimi napinga, na ninaomba tujadili kwa hoja.

Nianze na Metallica, bendi ya thrashi ya Marekani, kwa sababu watu huwataja kama mfano wa nguvu ya lebo kubwa, ilhali mwanzo wao unasema jingine. Mwaka 1982 walirekodi demo (rekodi ya majaribio) ya nyimbo 7, No Life 'til Leather. Haikuwa na tangazo wala promota. Mashabiki waliinakili kanda kwa kanda na kutumiana kwa posta, hadi ikamfikia Jon Zazula, aliyekuwa na kibanda cha kuuza rekodi kwenye soko la mitumba huko New Jersey. Zazula akawaita mashariki mwa Marekani, na lebo zilipokataa kuwachukua, yeye na mkewe Marsha wakaanzisha yao, Megaforce. Albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All, ikatoka Julai 1983 kwa bajeti ya dola 15,000 hivi. Zingatieni mpangilio: wasikilizaji walitangulia, lebo ikafuata.

Lakini sitaki kupamba uhuru huo. Jina la kwanza la albamu hiyo lilikuwa na lugha chafu, msambazaji akagoma, wakalazimika kulibadilisha. Yaani hata ukiwa na lebo ndogo inayokupenda, yuko mtu mbele yake anayeshikilia mlango wa duka.

Tena uhuru una gharama, na lazima awepo wa kuilipa. Bendi ya Slayer walipotengeneza albamu yao ya kwanza, Show No Mercy, mwaka 1983, lebo yao ndogo, Metal Blade, haikuwa na fedha za kurekodi. Mwimbaji wao Tom Araya alitoa akiba ya mshahara wake wa hospitalini, alikokuwa akihudumia wagonjwa wa kupumua, na baba wa mpiga gitaa wao, Kerry King, akawakopesha. Hapa ndipo wanaosema "saini mapema" wana hoja ya kweli, nami naiheshimu: kijana asiye na akiba wala mzazi wa kumkopesha afanye nini? Ni bendi ngapi nzuri zilizokufa kwa sababu hiyo, hatutajua kamwe.

Na fedha bila msimamizi nayo ni shida. Bendi ya Megadeth walipewa na lebo yao ndogo, Combat, dola 8,000 za albamu ya kwanza, wakatumia sehemu kubwa kwa dawa za kulevya, pombe na chakula. Mtayarishaji akaondolewa, wakamalizia wenyewe. Albamu ikatoka 1985 ikiwa na sauti hafifu, na mwaka 2002 ikabidi sauti zake zichanganywe upya. Anayependa kujitegemea ajue kwamba yeye ndiye mhasibu.

Pamoja na hayo, bado nasema: subiri. Metallica walisaini na lebo kubwa ya Elektra mwaka 1984, albamu yao ya pili, Ride the Lightning, ikiwa tayari imetoka Megaforce. Walikaa mezani wakiwa na albamu mbili, na wasikilizaji waliowapata jukwaani na kwa kanda. Elektra haikuwafundisha wapige nini, ilinunua kitu kilichokwisha kukomaa. Bendi inayosaini ikiwa na demo moja haina cha kujadiliana nacho, itapokea masharti kama yalivyoandikwa.

Sharti linalonikera kuliko yote ni la umiliki wa masta, yaani rekodi asili za nyimbo. Metallica, kwa nguvu zao zote, walitangaza kumiliki rekodi zao mwaka 2012 tu, walipoanzisha lebo yao ya Blackened Recordings. Ni takriban miaka 30 tangu albamu ya kwanza. Kama wao walisubiri hivyo, kijana mwenye miaka 19 anayesaini leo bila wakili atasubiri hadi lini?

Leo kunakili kanda hakuhitajiki, wimbo unapandishwa mtandaoni usiku mmoja. Gharama ya kusambaza imeshuka sana. Ya kurekodi ngoma vizuri na kusafiri na vyombo haijashuka hivyo, na ndiyo inayowasukuma vijana kwenye mikataba mibovu.

Kwa hiyo wanaotetea kusaini mapema, nijibuni hili moja: mngekubali bendi isaini kama mkataba hausemi ni mwaka gani masta zitarudi kwake?