Picha za watu wa Lamu: chenga za Lightroom, Acros ya kamera, au filamu kabisa?

msafiri_wa_jumapili
Wadau, hamjambo. Nina picha za sura za watu nilizopiga Lamu: mabaharia, washona kofia, wazee barazani. Nyumba moja ya wageni inataka kuzitundika ukutani, zote nyeusi na nyeupe, zenye chenga, yaani zile punje ndogondogo, kama za filamu. Nishike njia gani: nizihariri kwenye programu ya Lightroom, nitumie zile za Acros (mwigo wa filamu nyeusi na nyeupe uliomo kwenye kamera za Fujifilm) zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, au nilipie Silver Efex, programu ya picha nyeusi na nyeupe? Kuna jamaa anasisitiza nirudi na filamu nipige upya. Kazi inatakiwa kwa mchapishaji hapa Nairobi Ijumaa.

karatasi_A2
Hujasema saizi ya chapa, karatasi, kamera, wala kama una RAW, yaani faili ghafi za kamera. Bila hayo tutakuwa tunabahatisha tu.

fundi_kivuli
Na ISO pia, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Picha ya ISO 3200 imekuja na chenga zake tayari. Ukiirundikia nyingine sawa na ile ya ISO 160, zikining'inia pamoja zitaonekana za wapiga picha wawili.

msafiri_wa_jumapili
Samahani. Fujifilm X-T30, RAW na JPEG zote zipo. Za nje ISO 160, za ndani hadi 3200. Saizi A2, kama sentimita 42 kwa 59. Karatasi sijaambiwa, nafikiri isiyong'aa.

karatasi_A2
Sawa. Kamera hiyo inatoa pikseli 6240 kwa 4160. Kwenye A2 unapata kama pikseli 250 kwa inchi, inatosha ukutani mradi hujakata picha sana. Kuwa mwangalifu na mpangilio wa kazi: punguza au kuza faili hadi saizi ya mwisho, kunoa (kuongeza ukali wa kingo) kufuate, chenga ziwe za mwisho kabisa. Ukiweka chenga kwenye faili kubwa halafu ukaipunguza kwa ajili ya Instagram, ambako upana ni pikseli 1080, chenga zinasagika na mbano wa JPEG unazigeuza madoa. Faili ya ukutani na ya mtandaoni ziwe mbili tofauti.

fundi_kivuli
Programu mpya huihitaji. Lightroom inatosha, kazi iko kwenye zile slaida nane za rangi, za kung'arisha au kutia giza kila rangi inapogeuzwa kijivu. Ngozi zetu zinakaa kwenye rangi ya chungwa, na kidogo kwenye nyekundu na njano. Pandisha chungwa +10 hadi +25, uso unafunguka bila kugusa anga. Nyekundu ishushe kidogo, kama -15, midomo ipate umbo. Bluu usiipeleke chini ya -40; anga inaanza kupasuka mabaka, na pale kofia inapokutana na anga unatokea mstari mweupe.

Kabla ya chenga, ondoa kelele za rangi (madoadoa ya ISO kubwa) kwenye zile za ISO 3200. Kisha kwa za ISO 160 anza na kiasi 30, ukubwa 25, ukwaru 50. Kwa za 3200 kiasi 10 au 15 tu. Kagua kwa asilimia 100, kwenye shavu, si kwenye ukuta wa nyuma.

HP5_daima
Hizo zote ni chenga za kubandika. Filamu ina chenga ndani ya picha yenyewe. Filamu ya HP5 Plus ya ISO 400, dawa ya kusafishia ID-11 isiyozimuliwa, nyuzi 20, dakika 7 na nusu. Ukiisukuma, yaani ukiipiga kama ya ISO 1600 na kuisafisha kwa muda zaidi, dakika 14, na chenga zinakuja zenyewe.

fundi_kivuli
Ndugu, Ijumaa. Na maji ya bomba ya Pwani hayako nyuzi 20. Bila beseni la barafu kuzunguka chupa za dawa, negativu inaiva kupita kiasi na chenga zinavimba. Tena uwanja wa ndege wenye skana za CT, ambazo mionzi yake huharibu filamu, lazima uombe filamu ikaguliwe kwa mkono.

HP5_daima
Kuomba hakugharimu kitu. Nasimama palepale.

karatasi_A2
Kabla hamjaendelea na filamu, hili la mchapishaji ni zito zaidi. Kuna duka mjini, silitaji, lilichapa seti ya sura za watu kwa mashine ya picha za rangi. Faili zilikuwa safi. Zilirudi na ukijani vivulini, na nyuso zimekuwa kama zimemwagiwa mchanga. Sababu zilikuwa mbili. Karatasi ile hutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi tatu, zikiyumba kidogo tu kijivu kinachukua rangi. La pili, marekebisho ya moja kwa moja ya mashine yaliachwa yamewashwa, yakainoa picha iliyokwisha kunolewa, na kila punje ikapata ukingo. Mteja alikataa kuzipokea, duka likasema faili ndiyo mbovu.

Omba printa ya wino yenye wino mweusi wa aina kadhaa, marekebisho yazimwe, na uchapiwe kipande cha majaribio: kata sehemu ya jicho na shavu, 10 kwa 15 sentimita, kwa ukubwa uleule itakaokuwa nao kwenye A2. Karatasi isiyong'aa inameza weusi, kwa hiyo inua vivuli kidogo la sivyo buibui litakuwa bonge moja.

wino_na_rangi
Kwa nini nyeusi na nyeupe hasa? Hawa ni watu wa leo, wana simu na boti za injini. Ukiwaondolea rangi na kuwamwagia chenga, mgeni anaona Lamu ya karne iliyopita. Na uzi wa kofia una rangi zake.

fundi_kivuli
Dada, hoja yako naiheshimu, ila mteja ndiye aliyeagiza. Na kofia nyingi ni nyeupe kwa krimu. Kazi ya sindano inaonekana vizuri zaidi kwa kijivu, mwanga ukitoka ubavuni.

wino_na_rangi
Mteja anaweza kuonyeshwa moja ya rangi kabla hajaamua.

msafiri_wa_jumapili
Nitamwonyesha. Ila JPEG za Acros uso uko vizuri kuliko nilichopata Lightroom. Kanzu ndiyo imeungua.

karatasi_A2
Kanzu ikifika 255, yaani weupe wa mwisho, haishiki chenga, inabaki karatasi tupu kando ya uso wenye chenga, na jicho linaona kiraka. Rudi kwenye RAW, uvute weupe hadi 240 au 245. Acros hujaipoteza: profaili yake ipo Lightroom, au unganisha kamera na X RAW Studio, programu ya Fujifilm ya kompyuta, ni bure. Angalia tu usichague Acros+R, ile yenye kichujio chekundu, inalainisha ngozi na kufuta midomo.

msafiri_wa_jumapili
Basi nachapa vipande viwili, Acros kutoka RAW na mchanganyiko wa fundi. Fremu je? Kioo cha kawaida kinafaa baharini?

HP5_daima
Picha isiguse kioo, weka kadi ya pembeni itenganishe. Unyevu ukiingia inanata na haitoki. Kioo kisichoakisi ni bora kama ukuta unatazama dirisha. Unatazama wapi?