Wauza saa Kariakoo, acheni kutuuzia bati kwa bei ya stenlesi

Wakuu salaam. Leo naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mwezi uliopita nilimnunulia mdogo wangu saa, kapata ajira yake ya kwanza. Duka silitaji, lipo Kariakoo, winga, wale wanaowavutia wateja madukani, ndiye aliyenivuta mpaka kaunta. Nikamuuliza muuzaji: hii ni stenlesi yote? Akaigeuza, akanionyesha maandishi ya mgongoni, "Stainless Steel Back", akaapa na Mungu wake. 120,000, bei ya mwisho.

Hata mshahara wa kwanza haujatoka, ile rangi ya dhahabu imeanza kubanduka kwenye kona, pale mkanda unapoingia. Chini yake kuna madini ya kijivu yasiyoeleweka, na dogo ana vipele kwenye kifundo cha mkono. Jasho la Dar mnalijua. Kurudi dukani naambiwa mzigo ukishatoka haurudi, bosi.

Sasa sikilizeni. Maandishi yale yanahusu mfuniko wa nyuma peke yake. Bodi ya saa za aina hiyo huwa ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki au shaba, imepakwa rangi tu. Mtu anayeshinda na saa mikononi kuanzia asubuhi mpaka jioni analijua hilo vizuri sana. Ule ni uongo wa makusudi, na ndiyo unaoniuma kuliko hela yenyewe.

Na uongo hauishii hapo. Saa imeandikwa mita 30, unaambiwa zama nayo hata Coco Beach. Mita 30 ni kipimo cha presha ya maabara: inavumilia mvua na kunawa mikono, basi. Mtu wa kuogelea mara kwa mara atafute mita 100. Ukiirudisha na ukungu ndani ya kioo, wewe ndiye unayeambiwa umeitumia vibaya!

Wengine wanauza saa ya betri kwa bei ya otomatiki, ile isiyo na betri inayojivuta mkono ukitikisika, eti "inajichaji kwa mkono". Tazama mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, karibu kila mara hiyo ni ya betri. Otomatiki kama Seiko 5 yenye mashine ya 7S26 inapiga mara 6 kwa sekunde, mshale unateleza. Hata Casio F-91W, saa ya watu wa kawaida tangu 1989, nayo wanaifanyia kopi. Bonyeza kitufe cha kulia ushikilie sekunde tatu. Isipoandika CASIO kwenye kioo, iache hapo hapo. Ikiandika bado ikague, maana siku hizi kuna kopi zinazoiga mpaka hilo.

Kuhusu bei ndiyo kabisa. Saa ile ile, mtaa ule ule, ukienda na shati la ofisini unatajiwa bei moja, ukienda na ndala nyingine. Kwa nini bei haibandikwi? Dukani kuna viyoyozi, kuna taa za kumulika vioo, kinachokosekana ni kikaratasi chenye namba! Ukidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mashine "ina shida ya mtandao". Bila risiti utamshtaki nani?

Sheria ya Ushindani ipo tangu 2003 na inakataza kumpotosha mteja. FCC, yaani Tume ya Ushindani, mna mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Tunawaona mkikamata makontena, hongereni, lakini kaunta za saa pia zinawahitaji. Njooni kama wateja, muulizeni muuzaji swali nililouliza mimi, msikie mtakavyojibiwa.

Najua wapo wauzaji waaminifu, na hawa matapeli wanawaharibia. Mwenye kujua duka Dar linalobandika bei, linalomfungulia mteja mfuniko aone mashine kabla ya kulipa, na linalokata risiti bila kuombwa, aweke hapa mtaa na bei. Bajeti ni hiyo hiyo 120,000, dogo bado anahitaji saa.