Mrejesho: harufu ya mkojo wa paka katika nyumba ya kupangisha, Dodoma

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu nyumba yangu iliyoko eneo la Kisasa, ambayo wapangaji waliokuwa wakifuga paka waliiacha ikinuka mkojo. Nawashukuru kwa majibu. Aliyesema kwamba tatizo limo ndani ya sakafu alikuwa sahihi: saruji isiyo na vigae hunyonya mkojo, asidi ya yuriki iliyomo kwenye mkojo hukauka humo bila kuyeyuka vizuri kwa maji ya kawaida, na hewa ikipata unyevu harufu huamka, ndiyo maana chumba kilichoonekana salama wakati wa kiangazi kiliumbuka mvua zilipoanza. Fundi alipobandua kapeti la plastiki, tulikuta karibu na mlango madoa ya manjano yenye ukoko mweupe kama chumvi. Tuliyamwagia dawa ya vimeng'enya, yaani inayovunjavunja asidi hiyo, tukayafunika kwa nailoni usiku kucha yasikauke upesi (jua la Dodoma halina subira), tukarudia hadi harufu ilipokwisha, kisha saruji ilipokauka kabisa tukaipaka rangi ya mafuta. Ushauri wa kutumia jiki niliukataa, kwa sababu klorini yake ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya sumu. Siki haikufua dafu. Fremu ya mlango bado inanuka kidogo mtu akiinama, nami nitaibadilisha kabla mpangaji mpya hajaingia.