MRI inasema madoa mapya, mgonjwa hajabadilika: tubadilishe dawa?

Tabibu_Chake
Assalaam alaykum. Mgonjwa wa MS (kinga ya mwili hushambulia ala, yaani ganda la neva, kwenye ubongo na uti wa mgongo) hapa Chake Chake, mwanamke wa miaka 31, yuko kwenye dawa ya kuzuia mashambulizi mwaka mzima sasa. MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya ubongo ilipigwa kabla ya dawa, na nyengine mwezi huu kwa mashine tafauti. Ripoti: "madoa mapya 2". Kutembea, macho na mkojo viko vile vile. Joto la kaskazi likizidi miguu humlegea, akipumzika penye baridi inarudi. Dawa imeshindwa?

Msomapicha
Wa alaykum salaam, daktari. Usiiguse dawa bado. Dawa hizi huchukua miezi kushika, na doa lililozuka katika miezi hiyo ya mwanzo si kosa lake. Ndiyo maana picha ya msingi hupigwa upya miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza, kisha kila mwaka hulinganishwa na hiyo. Kwa mgonjwa wako hatua hiyo imerukwa.

La pili ni mashine. Ikiwa picha ya kwanza ilikatwa kwa vipande vya milimita 5 vyenye nafasi baina yake, doa la milimita 3 huenda lilipita katikati bila kuonekana. FLAIR (aina ya picha ya MRI inayozima weupe wa maji ili madoa yajitokeze) ya 3D ya milimita 1 italionyesha, na msomaji ataliita jipya. Tafuta faili za DICOM (picha asili za kidijitali) za picha zote mbili, uziweke ubavu kwa ubavu, FLAIR kwa FLAIR. Kichwa kikiinama kidogo tu, doa lile lile huhamia kipande chengine. Sehemu ya shina la ubongo na ubongo mdogo iangalie kwenye T2 (aina nyengine ya picha ya MRI), maana huko FLAIR hukosa mengi.

Fundi_wa_sumaku
Kwenye fomu usiandike "MRI ubongo" peke yake. Andika: ufuatiliaji wa MS, FLAIR ya 3D, T2, mashine na mpangilio ule ule wa mara iliyopita. Gadoliniamu (dawa ya mshipani inayofanya doa bichi ling'ae) si lazima kwa kipimo cha kila mwaka. Ikihitajika ni milimoli 0.1 kwa kilo, na usubiri dakika 5 au zaidi kabla ya kupiga. Wengi huharakisha hapa, doa bichi likakosa kung'aa. Steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) nazo huufifisha mng'aro. Uliza ujauzito na hali ya figo kwanza.

Na mwambieni asipake wanja siku hiyo: baadhi yake una chembe za madini, picha ya macho huharibika. Vishikizo vya sumaku vya mtandio vibaki nje ya chumba.

Bi_Neva
Kulegea kwa joto si shambulizi. Neva iliyopoteza ala yake hushindwa kupitisha ishara mwili ukipata moto. Shambulizi ni dalili mpya inayodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi, kwa hiyo pima mkojo na malaria kabla ya kumsafirisha kwa boti. Udhaifu wa miguu ukibaki hata kwenye baridi, omba na MRI ya uti wa mgongo sehemu ya shingo. Doa la huko halionekani kwenye picha ya ubongo.

Tabibu_Chake
Ahsanteni. Picha ya kwanza nimepata filamu tu.

Msomapicha
Waandikie waliopiga wakupe sidi. Wakikosa, fanya hii ya mwezi huu ndiyo msingi, umrudishe baada ya miezi 6 kwenye mashine hiyo hiyo. Sidi akae nayo mgonjwa mwenyewe, nakala ibaki spitali.