Jumapili ya dukani: ilipwe zaidi, au ni siku kama Jumanne?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kazini kwetu, supamaketi moja hapa Dar, tuko mezani na mwajiri tukijadili mkataba mpya wa hali bora. Sare zimepita, matibabu yamepita, hata rambirambi imepita. Tumekwama kwenye Jumapili. Chama chetu cha wafanyakazi kinataka kila anayepangwa siku hiyo alipwe saa zake mara moja na nusu. Mwajiri anasema Jumapili ni siku ya kazi kama Jumanne.

Na kisheria ana pa kusimamia, tusidanganyane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi sita, halafu saa 24 za mapumziko. Ukifanya kazi ndani ya mapumziko hayo, kila saa ni mara mbili ya mshahara wa msingi. Sikukuu ya kitaifa nayo mara mbili. Ila hiyo mara mbili inafuata siku yako ya mapumziko, haifuati kalenda. Ukipewa ofu Jumanne, Jumapili yako imeshageuka siku ya kawaida. Kwa hiyo anayeandika zamu ndiye anayeamua nani alipwe mara mbili, na mimi sijawahi kuona ratiba ya zamu iliyoandikwa kwa bahati mbaya.

Tupige hesabu. Tuseme keshia analipwa 260,000 kwa mwezi. Gawa kwa saa 195, yaani 45 mara 4.333 kama jedwali la sheria linavyoelekeza, unapata kama 1,333 kwa saa. Zamu ya saa nane, ile nusu inayoongezeka ni 5,333. Hiyo ndiyo tunayoivutania wiki ya tatu sasa. Bodaboda ya kurudi nyumbani saa nne usiku inakula 3,000 humo humo.

Mnaonaje?

Mwenye minimaketi, Mwanza

Mkuu, 5,333 ni ndogo ukiwa upande wako wa kaunta. Njoo upande wangu. Nina vijana sita. Hiyo ni 32,000 kila Jumapili, na Jumapili nne ni 128,000, karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa mtu mmoja. Kila miezi miwili ni kama nimelipa mshahara wa mtu ambaye simwoni dukani. Pembeni yangu kuna duka la Mangi, anauza yeye na mwanawe mpaka saa tano usiku, Jumapili hiyo hiyo, hana mkataba wa hali bora wala hana habari nao.

Na msisahau waliotangulia. Shoprite iliuza maduka yake nchini kwa Nakumatt 2014, supamaketi za Uchumi zikafunga 2015, kisha Nakumatt yenyewe ikaanguka. Sisemi mishahara ndiyo iliyowaangusha. Nasema biashara hii mfupa wake hauna nyama.

Mleta mada

Bosi wa Mwanza, pole, ila mkataba wa hali bora unawafunga waliomo: mwajiri yule, chama kile, na wafanyakazi wa kundi lile. Chama chenyewe lazima kiwe na wengi wa wafanyakazi ndipo kitambuliwe kuwa msemaji wao pekee. Sisi tukishinda huku, vijana wako sita hawaguswi. Watakachofanya ni kukuuliza, basi.

Mchangiaji

Mimi swali langu ni moja. Kwa nini Jumapili? Ijumaa adhuhuri natakiwa msikitini na niko kwenye rafu napanga mafuta. Mwenzangu zamu ya asubuhi ni Msabato, Jumamosi anaumia kimoyomoyo. Mkiandika "Jumapili" mmewapa Wakristo nyongeza, sisi mmetuachia pole.

Keshia wa zamani

Kaka, hoja yako naiheshimu, lakini hebu nikueleze Jumapili ilivyo, maana wengi humu mnaijua mkiwa mnasukuma toroli.

Dukani nilikokuwa kulikuwa na kaunta tano. Jumanne zinafunguliwa mbili, na kuna saa nzima unafuta vumbi tu na kupanga mifuko. Jumapili zote tano, foleni inafika kwenye friji za maziwa. Anakuja dada na toroli mbili za kitchen party, anataka kreti za soda ziwe na risiti yake na vitu vya nyumbani risiti yake. Katikati anakumbuka kadi ya benki ameiacha kwenye gari. Nyuma yake mtoto ameshafungua biskuti, pakiti haisomeki kwenye mashine. Supavaiza anapita: "Ongeza spidi, dada." Saa tatu na nusu usiku unafunga keshi. Ikipungua 4,500, shoti ni yako. Na shoti kubwa nyingi nilizowahi kukatwa ni za Jumapili, si kwa uzembe, ni kwamba noti zilizopita mkononi ni mara tatu ya siku nyingine.

Kwa hiyo kwangu haikuwa ibada. Wateja ndio wanaoifanya Jumapili iwe Jumapili.

Halafu ofu yangu ilikuwa Jumanne. Mtoto shuleni, mume kazini, majirani hawapo. Nilikuwa napumzika na nyumba tupu. Miaka minne sikuhudhuria kikao cha ukoo hata kimoja. Michango wanaipata kwa simu, sura yangu wanaiona kwenye misiba.

Mtanzania, Melbourne

Huku Australia mjadala huu umeshapita na makovu yake. Wafanyakazi wa maduka walikuwa wanalipwa Jumapili mara mbili. Februari 2017 chombo cha taifa cha mambo ya kazi, Fair Work Commission, kikaamua ishuke hadi mara moja na nusu, hatua kwa hatua: asilimia 195 Julai 2017, 180 mwaka uliofuata, 165, mpaka 150 Julai 2020. Hoja kubwa ya waajiri ilikuwa kwamba Jumapili ikiwa nafuu maduka yatafungua saa nyingi zaidi na vijana watapata ajira. 2019 mkuu wa chama cha wafanyabiashara wadogo mwenyewe alikiri hadharani kwamba ajira hizo mpya hawakuziona.

Lakini chama nacho kina lake. Kwenye mkataba wa Coles, supamaketi kubwa ya huku, chama cha wafanyakazi wa maduka kilikubali malipo ya wikendi yapungue ili mshahara wa msingi upande. Mwenye zamu za katikati ya wiki alifurahi. Mwanafunzi anayefanya jioni na wikendi tu alitoka na hasara, na 2016 chombo kile kile kiliona mkataba huo haujapita kipimo cha kumwacha kila mfanyakazi katika hali bora. Muulizeni mjumbe wenu mezani anauza nini ili apate nini.

Mleta mada

Nimesoma yote, na nimesogea kidogo. Kaka wa Ijumaa ana haki. Dada wa kaunta naye amenikumbusha kwamba tumeanza na hela kabla ya ratiba, na ratiba ndiyo yenye ufunguo.

Nitakachopeleka kwenye tawi Alhamisi ni hiki: zamu zibandikwe siku 14 kabla. Kila mtu aandikishe siku yake moja, iwe Ijumaa adhuhuri, Jumamosi au Jumapili, na aipate huru angalau mara mbili kwa mwezi. Mwajiri akivuka hapo, alipe mara moja na nusu. Akipanga watu vizuri anaweza asilipe hata senti, na ile hesabu ya Mwanza haitamfika. Akikataa hata hili, tunaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi, na baada ya hapo mgomo halali ni kura ya wanachama na taarifa ya saa 48. Sitamani tufike huko kwa ajili ya 5,333.

Keshia wa zamani

Na shoti?

Mleta mada

Kukukata tu hivi hivi ni kosa, sheria inataka taarifa ya maandishi na nafasi ya kujitetea kwanza. Kwenye rasimu yetu hakuna hata neno juu ya shoti. Naandika kipengele sasa hivi.